Barua ya wazi kwa viongozi wa Bunge la Marekani: Mtihani mlioufuta bado tunafanyishwa

Kwa Mheshimiwa Spika wa Baraza la Wawakilishi, Mheshimiwa Kiongozi wa walio wengi katika Seneti, na waheshimiwa viongozi wa walio wachache katika mabaraza yote mawili, Washington.

Waheshimiwa,

Salamu na heshima zitangulie. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Columbus, Ohio, raia wa kuapishwa, Mwislamu, na kila uchaguzi napiga kura. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa wengi ninaotaka wasome barua hii pamoja nanyi, wa huku na wa kule nyumbani, husoma kwa Kiswahili. Ninyi wafasiri hamkosi.

Katiba yetu (nasema yetu, maana nami niliinua mkono nikaapa kuilinda) inasema katika Ibara ya Sita kwamba hakuna mtihani wa dini utakaotakiwa kamwe ili mtu apewe wadhifa wa umma. Maneno hayo yaliandikwa mwaka 1787. Baadaye sana, Roy Torcaso wa Maryland alinyimwa kazi ya unotari, yaani ya kuthibitisha hati, kwa kuwa alikataa kutamka kwamba anaamini Mungu yuko. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kauli moja kwamba jimbo halina haki ya kumtaka atamke hivyo. Mimi naamini Mungu yuko na namsujudia mara tano kwa siku, lakini hukumu ile naiona ni ngao yangu: serikali iliyozuiwa kumuuliza Torcaso kama anaamini, imezuiwa pia kuniuliza mimi naamini vipi.

Imezuiwa kwa maandishi. Kwa vitendo mtihani unaendelea, hauna karatasi wala tarehe, na anayeitwa mbele kwanza ni mwanamke. Hutazamwa kichwani amevaa nini, huulizwa tumbo lake ni la nani, na akisema neno kwa imani yake, husahihishwa na watu ambao hakuwachagua wawe masheikh wala wachungaji wake. Bunge lililoapishwa Januari 2025 lina Wakristo asilimia 87, ilhali miongoni mwa watu wazima nchini Wakristo ni kama asilimia 62. Sina kinyongo na Wakristo, nimelelewa jirani na kanisa. Nasema tu kwamba pengo la namna hiyo haliji lenyewe.

Mwaka 1837 ulikuwa na shughuli. Baraza la Wawakilishi lilipitisha kanuni ya kukataza kofia ukumbini. Mwaka huohuo wachungaji wa Kikongregesheni wa Massachusetts wakatoa waraka kuwaonya wanawake wanaosimama kuhutubia hadhara. Hawakutaja majina, lakini kila mtu alijua wanaosemwa ni Sarah na Angelina Grimké, mabinti wa jaji mwenye watumwa wa South Carolina, waliohama kwao, wakajiunga na dhehebu la Kikristo la Waquaker na kuzunguka mijini wakisema utumwa ni dhambi. Waraka ule ulimfananisha mwanamke na mzabibu, ambao nguvu na uzuri wake ni kuegemea fito. Mzabibu ukijitia kuwa mti, walisema, utaanguka kwa aibu.

Ndugu wale hawakuitupa Biblia. Waliifungua, wakawajibu wachungaji kwa kitabu chao wenyewe. Februari 1838 Angelina akasimama mbele ya kamati ya Bunge la Massachusetts, mwanamke wa kwanza kuhutubia chombo cha kutunga sheria katika nchi hii.

Nayataja ya zamani ili tuelewane mapema: sikuja kuishitaki dini. Fannie Lou Hamer wa Mississippi, mchuma pamba katika mashamba ya watu, alifukuzwa shambani mwaka 1962 kwa kosa la kwenda kujiandikisha kupiga kura, na mwaka uliofuata akapigwa vibaya sana ndani ya jela ya Winona. Alikuwa mtu wa kanisa toka utosini hadi unyayoni. Wenzake walipoingiwa na hofu, aliwaimbia nyimbo za kanisani. Ukimvua Hamer imani yake, hutabaki na Hamer. Agosti 1964, mjini Atlantic City, aliieleza kamati ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic jinsi alivyopigwa. Rais Lyndon Johnson, wa chama hichohicho, akaitisha waandishi wa habari ghafla ili kamera zimwache mama yule. Zilimwacha kwa muda mfupi tu. Usiku ule televisheni ziliyarusha maneno yake nchi nzima. Chama kikawapa wajumbe wa upande wake, waliokuja kuwapinga wajumbe weupe watupu wa Mississippi, viti viwili wanyamaze. Wakavikataa.

Agosti 2024, miaka 60 baadaye, chama hicho kilikutana Chicago. Ruwa Romman, mbunge wa jimbo la Georgia, Mpalestina anayejifunga hijabu, alikuwa na hotuba fupi mkononi, na ndani yake anamuunga mkono mgombea wao. Wajumbe waliotaka sauti ya Kipalestina isikike walilala nje ya ukumbi wakidai apewe nafasi. Hakupewa hata dakika mbili. Na Juni 2008, Detroit, wahudumu wa kampeni ya Barack Obama waliwazuia wanawake wawili wenye hijabu wasikae nyuma ya jukwaa, mahali ambapo kamera zingewaona. Obama aliwaomba radhi, na hilo nampa. Basi, waheshimiwa wa Democratic, msiisome barua hii mkidhani imeandikiwa jirani.

Sasa twende kwa Ilhan Omar. Alikimbia vita vya Somalia akiwa mtoto, akakaa miaka minne katika kambi ya wakimbizi Kenya, akaingia Marekani, akawa raia. Novemba 2018 watu wa Minneapolis wakamchagua, yeye na Rashida Tlaib wa Michigan wakawa wanawake wa kwanza Waislamu katika Baraza la Wawakilishi. Ile kanuni ya kofia ya 1837 ilibidi ilegezwe Januari 2019 ili aingie na mtandio wake. Hilo lilikuwa jambo jema, na lilipita bila nchi kuanguka.

Miezi sita baadaye, Julai 2019, umati wa mkutano wa kampeni wa Rais Donald Trump huko Greenville, North Carolina, ukaimba kwamba arudishwe kwao. Februari 2023 Baraza likamtoa katika Kamati ya Mambo ya Nje kwa kura 218 dhidi ya 211. Sababu iliyotolewa ni maneno yake kuhusu Israel, na mengine aliwahi kuyaombea radhi mwenyewe. Hapo nasema wazi: mwanasiasa apingwe kwa maneno yake, anyimwe kura, ashindwe kwa hoja, hiyo ndiyo kazi aliyoiomba. Lakini Desemba 2025 Rais, akiwa katika kikao na mawaziri wake, alimwita takataka, yeye na rafiki zake. Takataka hawana hoja ya kujibiwa, wanasubiri kuzolewa. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi najiuliza ugeni huu unaisha lini, kama kiapo hakiumalizi, kura hazisaidii, na mihula kadhaa ndani ya Bunge haijautoa.

Wako watakaosema wanaume Waislamu nao wanasakamwa. Kweli kabisa. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alipogombea umeya wa New York mwaka 2025, mbunge Andy Ogles wa Tennessee aliiandikia Wizara ya Sheria akitaka achunguzwe ili avuliwe uraia. Ila hebu tazameni alipotaka kueleza hofu ya Waislamu baada ya Septemba 11, alimtaja nani: shangazi wa ukoo wao aliyeacha kupanda treni za chini ya ardhi kwa kuwa hakujiona salama na hijabu yake. Makamu wa Rais JD Vance, mtu wa Ohio yetu, akaifanyia mzaha hadithi ile. Mamdani alishinda. Siku hiyohiyo, Novemba 4, Ghazala Hashmi alichaguliwa naibu gavana wa Virginia, Mwislamu wa kwanza mwanamke kushinda uchaguzi wa jimbo zima. Wapiga kura, inaonekana, wamewatangulia.

Waislamu hatuko peke yetu. Septemba 2017 Kamati ya Sheria ya Seneti ilimsaili Amy Coney Barrett, Mkatoliki, profesa wa sheria na mama wa watoto saba, aliyeteuliwa kuwa jaji wa rufaa. Seneta Dianne Feinstein wa Democratic alimwambia kwamba itikadi ya dini inaishi kwa sauti kubwa ndani yake, na kwamba jambo hilo linatia wasiwasi. Najua mtakachonijibu: miaka mitano baadaye Barrett, akiwa Mahakama ya Juu, alikuwa miongoni mwa majaji walioifuta hukumu ya Roe ya 1973, iliyotambua haki ya kutoa mimba nchi nzima. Ndiyo. Basi angeulizwa kuhusu Roe. Angebanwa aeleze ni lini jaji anaruhusiwa kuvunja hukumu ya miaka 50, na angeng'ang'aniwa mpaka ajibu. Itikadi yake ilikuwa kati yake na Mola wake. Mimi siipendi kura aliyoipiga mwaka 2022, lakini siku ile ya usaili alifanyishwa mtihani uleule ninaoulalamikia.

Na upande wa pili nao ukalipiza, japo kwa mwanamke mwingine. Januari 21, 2025, Askofu Mariann Edgar Budde wa Kanisa la Episcopal alihubiri katika Kanisa Kuu la Kitaifa, Rais akiwa ameketi mbele yake. Mwisho wa mahubiri alimwomba awahurumie walioingiwa na hofu, wakiwemo wahamiaji. Kuomba rehema kwa mtawala! Hakuna mahubiri ya kale kuliko hayo. Rais akataka aombe radhi, na mbunge Mike Collins wa Georgia akaandika kwamba askofu yule aongezwe kwenye orodha ya watu wa kufukuzwa nchini. Mama wa watu amezaliwa New Jersey.

Wiki mbili na ushei baada ya hapo, Rais alisaini amri ya kuunda kikosi cha kupambana na chuki dhidi ya Wakristo serikalini, na mwezi Mei akaunda Tume ya Uhuru wa Dini. Uhuru wa dini ndio uliotuleta wengi wetu huku, kwa hiyo sitaukejeli. Lakini Askofu Budde ni Mkristo. Angepeleka shauri lake kwa kikosi hicho, angepokewa?

Nije kwenye jambo zito zaidi. Tangu Juni 24, 2022, hukumu ya Dobbs ilipoifuta Roe na kurudisha suala la kutoa mimba kwa majimbo, zimetumika sheria zilizoandikwa na watu wasioficha kwamba wanaandika teolojia. Sheria ya Missouri ya 2019 ya kukataza kutoa mimba ilisema ndani yake kwamba Mwenyezi Mungu ndiye chanzo cha uhai, na viongozi wa dini kadhaa wa jimbo hilohilo wakaenda mahakamani kuipinga. Walishindwa. Februari 2024 Mahakama ya Juu ya Alabama ilipoamua kwamba viinitete vilivyogandishwa maabara ni watoto, Jaji Mkuu Tom Parker aliandika maoni yake akijenga hoja juu ya sura ya Mungu ndani ya mwanadamu. Kliniki za kutungisha mimba maabara zikasimamisha huduma. Wanawake waliokuwa wakitafuta watoto kwa udi na uvumba, wengine wao waumini wazuri tu, wakabaki njia panda hadi wabunge wa jimbo walipopitisha sheria ya dharura mwezi Machi.

Mungu gani, na kwa tafsiri ya nani? Katika mafundisho ya Kiyahudi uhai wa mama hutangulia, na wengi wao hawahesabu kilicho tumboni kuwa nafsi kamili kabla ya kuzaliwa. Kwetu Waislamu, wanazuoni wengi husema roho hupulizwa ikitimia siku ya 120. Wapo wanaokataza kutoa mimba hata kabla ya hapo, isipokuwa kwa dharura, na wapo wanaolegeza. Hitilafu hizi ni za kale kuliko Marekani yenyewe, na waliozijadili hawakuhitaji askari. Huko Indiana wanawake wa Kiyahudi na wenzao wa imani nyingine walikwenda mahakamani na sheria ya kulinda uhuru wa dini, ileile aliyoisaini Mike Pence mwaka 2015 akiwa gavana, wakasema katazo la jimbo la kutoa mimba linawazuia kufuata dini yao. Desemba 2022 jaji akawakubalia, na Aprili 2024 Mahakama ya Rufaa ya Indiana nayo ikawaunga mkono. Sheria iliposainiwa, mifano iliyotajwa ilikuwa ya wenye maduka na waoka keki wasiotaka kuhudumia harusi za wapenzi wa jinsia moja. Alipoishika mwanamke mwenye mimba, ghafla wakubwa wengi walisahau kwamba yeye pia ana dini.

Hapa Ohio, Novemba 2023, karibu asilimia 57 ya wapiga kura waliingiza haki ya uzazi katika katiba ya jimbo. Kina mama wa msikitini kwetu hawakukubaliana. Wengine walipiga ndiyo, wengine hapana, kila mmoja na ushahidi wake wa dini. Ijumaa iliyofuata tulisimama safu moja.

Kisha kuna suala la jina. Aprili 10, 2025, Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa SAVE kwa kura 220 dhidi ya 208, wa kumtaka anayejiandikisha kupiga kura aonyeshe hati za uraia. Mimi hautanisumbua sana. Pwani kwetu mwanamke wa Kiislamu haachi jina la baba yake akiolewa, kwa hiyo cheti changu cha uraia na kitambulisho changu vinasoma jina moja. Atakayehangaika ni jirani yangu, mke wa mchungaji wa Kibaptisti, aliyechukua jina la mumewe kwa kuwa ndivyo kanisa lilivyomlea. Hana pasipoti, maana hajawahi kuwa na safari. Cheti chake cha kuzaliwa kinamtaja mtu, leseni yake ya udereva inamtaja mwingine. Watetezi wa mswada wanasema majimbo yataweka utaratibu. Utaratibu upi, kwa ada ya nani, kwa muda gani, mswada umewaachia majimbo hamsini wajaze. Mwanamke aliyefuata mila mnazozihubiri ndiye mnayemwekea kizingiti.

Na nchi hii imewahi kufanya hivyo. Sheria ya 1907 ilimvua uraia mwanamke Mmarekani akiolewa na mgeni. Ethel Mackenzie wa California aliolewa na Mskoti. Jimbo lake lilipowapa wanawake kura mwaka 1911, alikwenda kujiandikisha, akaambiwa yeye si Mmarekani tena. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu iliukubali uamuzi huo. Bunge lilianza kuirekebisha sheria ile mwaka 1922, wakati huo wanawake wa nchi nzima wakiwa wameshapata kura kwa Marekebisho ya 19 ya Katiba, angalau kwenye karatasi, maana weusi wa Kusini walisubiri hadi 1965.

Mnaweza kuniambia nachimba makaburi. Agosti 2025 Waziri wa Ulinzi Pete Hegseth alisambaza, kwa maneno ya kuunga mkono, taarifa ya televisheni kuhusu mchungaji Doug Wilson wa Moscow, Idaho, ambamo wachungaji wa mtandao wake wa makanisa walieleza kwamba wangependa kura iwe ya kaya na si ya mtu, na kwamba Marekebisho ya 19 yafutwe. Kura ya kaya, kwa lugha nyepesi, ni kura ya baba. Msemaji wa Wizara baadaye alisema waziri anaamini wanawake wana haki ya kupiga kura. Nimeyasikia. Ningependa kuyasikia kutoka kwake mwenyewe, na ningependa kuwasikia ninyi pia, maana katika ukumbi wenu sikusikia kelele yoyote ya maana.

Ninachoomba ni kidogo. Wenyeviti wa kamati wakatize swali lolote la usaili linalouliza mtu anaamini nini, na waache yale yanayouliza atahukumu au atatenda nini. Mbunge anayetaka raia mwenzake afukuzwe nchini kwa ajili ya imani au asili yake apelekwe Kamati ya Maadili, awe wa chama chochote. Mswada wowote wa hati za kupigia kura uandike ndani yake, kwa herufi, kwamba cheti cha ndoa kinatosha kuunganisha majina mawili ya mwanamke na kwamba nakala yake ni bure.

La mwisho liko ndani ya uwezo wenu bila kumngoja Rais. Itisheni kikao cha Bunge kuhusu uhuru wa dini na mashahidi wawe wanawake: wale wa Indiana, wachungaji wanawake wa Missouri, Askofu Budde, muuguzi Mkatoliki ambaye dhamiri yake inamkataza kushiriki utoaji mimba, na mama mmoja wa hijabu aliyewahi kuondolewa nyuma ya jukwaa. Wape kila mmoja dakika zilezile. Msiwatangulize wanaume kueleza wao wanamaanisha nini.

Ofisi ya mbunge wangu ina anwani yangu. Nasubiri jibu la maandishi, na likija kwa Kiingereza nitalisoma.

Wasalaam,

Mpiga kura wa Columbus, Ohio